Kola ya Ng'ombe wa Kawangware

Afrika Mashariki tembo alitangulia kuvaa kola ya kielektroniki, ng'ombe akabaki na kamba. Mwishoni mwa miaka ya 1960 Iain Douglas-Hamilton alikuwa akiwafuatilia tembo wa Manyara, Tanzania, kwa redio. Shirika aliloliunda mwaka 1993, Save the Elephants, limewavisha tembo wa Samburu kola za GPS miaka nenda miaka rudi. Mwaka 2016 dume mmoja aitwaye Morgan, aliyevishwa kola katika delta ya Tana, alitembea usiku kwa usiku mpaka akaingia Somalia, na watu waliokaa ofisini Nairobi wakamwona akivuka. Ng'ombe wa Kawangware, anayelipa karo ya watoto na kodi ya kiwanja, hajulikani alipolala ila na kijana anayemkamua.

Sasa wauzaji wamefika na kwake. Nenda kwenye maonyesho yoyote ya kilimo Nairobi, hutakosa banda lenye kola nene ya plastiki, hereni ya sikio yenye taa, na kidonge kizito cha karibu sentimita 10 kinachosukumwa kooni mwa ng'ombe kikakae tumboni maisha yake yote. Kola hupima mtikisiko wa shingo, na kutokana na mtikisiko huo programu hujua kama mnyama anakula, anacheua au anatembea. Kidonge hupima joto la ndani. Habari zote huruka hadi kwenye antena, zikaingia kwenye intaneti, zikatua kwenye simu ya mwenye mali. Ng'ombe mzima hucheua saa 7 au 8 kwa siku. Saa hizo zikipungua ghafla, kuna jambo, hata kama maziwa bado hayajapungua. Mambo haya ni ya kweli, yamepimwa na kurudiwa kupimwa. Nilichotaka kujua ni kama yanamhusu mfugaji wa mjini hapa, asiyekuwa na shamba wala zizi kubwa, ndipo nikashuka matatu ya namba 8 Kibera nikaanza kwa miguu.

Asubuhi reli ya Kibera ni barabara, soko na malisho kwa mpigo mmoja. Watu wanaelekea kazini wakiruka mataruma, wauza mitumba wanatandaza nguo kando ya vyuma, na mbuzi wanapanda tuta wakinusa kila kilichotupwa usiku. Honi ya treni ikilia, nguo zinakunjwa, watu wanasogea, na mbuzi wanashuka bila haraka yoyote, kwa utaratibu ambao hakuna aliyewafundisha.

Upande wa Makina nilimkuta mama mmoja wa Kinubi amekaa kwenye kigoda nje ya mlango, anachambua mboga. Nikamwamkia, akaitikia, akanitazama begi kama anayemshuku askari wa kaunti.

"Wewe ni wa kanjo?"

"La, mama. Mimi ni mwandishi tu. Nimekuja kuuliza habari za mbuzi."

"Afadhali. Kaa basi, baba. Kanjo pia huja kuuliza habari za mbuzi."

Wazee wa mumewe walikuwa askari wa King's African Rifles, wale waliopewa makao katika msitu huu baada ya kutumikia Waingereza. Mwaka 1918 eneo lililotengwa kwa ajili yao lilikuwa ekari 4,197. Walilima, walifuga, walichinja. Mwaka 2017, baada ya madai ya muda mrefu, jamii ya Wanubi ilikabidhiwa hatimiliki ya ekari 288. Mtu akikuuliza kwa nini mbuzi wa Kibera wanakula maganda ya ndizi kwenye jalala badala ya majani, mjibu kwa tarakimu hizo mbili.

Mama huwafungulia mbuzi wake jua likichomoza, nao hurudi wenyewe karibu na maghribi. Nikamuuliza atajuaje kama mmoja anaumwa.

"Mgonjwa hakai na wenzake. Ukiona amerudi peke yake mchana, mwangalie macho, mwangalie nyuma kama anaharisha. Masikio ukishika yana moto. Hiyo haihitaji mashine."

"Na mchana kutwa wanakuwa wapi?"

Akacheka. "Hayo wanajua wenyewe na Mungu. Wengine nasikia wanafika mpaka soko la Toi."

Hapo ndipo nilipoona kwamba wauzaji wanainadi kola kwa kazi isiyo yake. Macho ya mama huyu yanamtosha mnyama akiwa mlangoni. Yasipofika ni katika zile saa zote ambazo mbuzi yuko mjini kwa shughuli zake: amekunywa wapi, amepita kwenye mtaro gani, amelala na mbuzi wa nani, amemeza nini. Mifuko ya plastiki ilipigwa marufuku Kenya tarehe 28 Agosti 2017, na majalala yamepungua rangi tangu siku hiyo, lakini kamba za nailoni, vifuniko na karatasi za plastiki bado ni chakula cha mchana. Plastiki haisagiki tumboni. Inajikusanya, mnyama anakonda huku tumbo limejaa, na mwenyewe anadhani ni minyoo.

Kenya ina mfano mzuri wa namna ya kuuliza mnyama anashinda wapi, ila watu wa mjini hawausemi. Watafiti waliokuwa wakifanya kazi magharibi mwa nchi, mpakani karibu na Busia, waliwavisha nguruwe 10 wa wafugaji wa kawaida kola za GPS na kuwaacha waende wanakokwenda. Matokeo yalichapishwa mwaka 2013. Nguruwe hao, walioaminika kuwa wanazungukazunguka uani, walitembea kwa wastani zaidi ya kilomita 4 katika saa 12, na karibu nusu ya muda wao hawakuwa nyumbani kwao. Katika nchi ambako tegu wa nguruwe huingia mwilini mwa binadamu na kusababisha kifafa, habari hiyo ilikuwa na maana kubwa: huwezi kumwambia mfugaji mmoja ajenge choo ukadhani nguruwe wake amepona, maana nguruwe huyo anatembelea vyoo vya kijiji kizima.

Kibera nayo ina nguruwe, wengi wao upande wa chini, maji yanakoelekea bwawa la Nairobi. Nilipita mabanda yao nikiwa nimeziba pua kwa adabu. Nguruwe wana ugonjwa wao ambao daktari hana dawa yake, homa ya nguruwe ya Afrika. Ulielezwa kitaalamu kwa mara ya kwanza na R. Eustace Montgomery wa Kabete mwaka 1921, na Kabete si mbali na hapa. Leo umeshafika Ulaya, China na visiwa vya Karibea, lakini kwenye banda la bondeni Kibera bado unafika vilevile kama karne iliyopita: nguruwe mmoja anakataa kula, kesho wawili, wiki ijayo banda ni tupu. Mahali pa namna hiyo joto la mwili lililopimwa saa kadhaa kabla lingeweza kumpa mwenye banda nafasi ya kuwatenga waliobaki. Tatizo ni kwamba kuwatenga kunataka banda la pili.

Nilimrudia mama na swali la kola yenyewe. Akaishika simu yangu yenye picha yake, akaisogeza mbali kidogo na macho.

"Hiki kitu kina thamani kuliko mbuzi?"

"Pengine kinakaribia, mama."

"Basi mwizi atachukua vyote viwili. Na hao kanjo, hawataona kwa simu mbuzi wangu yuko wapi?"

Swali lake la pili nimelitafakari kuliko mengi niliyoulizwa na wasomi. Kwa miaka mingi kufuga mjini Nairobi kulikuwa kosa chini ya sheria ndogo za jiji, na hadi leo mtu akimwona askari wa kaunti anamvuta mbuzi wake ndani. Mwaka 2015 kaunti ilipitisha sheria ya kukuza na kusimamia kilimo cha mjini, ikakubali kwamba ufugaji upo na utaendelea kuwepo. Lakini sheria kwenye karatasi haijafuta kumbukumbu ya wanyama waliokamatwa. Kwa mtu aliyefuga kwa kujificha, kifaa kinachotangaza mahali mnyama alipo ni ushahidi dhidi yake, hata kiwe kimetengenezwa kwa nia njema namna gani. Sijaona muuzaji anayeliweka jambo hilo kwenye kipeperushi chake.

Kutoka Kibera kwenda Kawangware nilipitia Jamhuri. Ni ajabu ya mji huu kwamba uwanja wa maonyesho ya kilimo, ambako kila mwaka ng'ombe wa asili safi husimama wamesuguliwa kwa sabuni huku majaji wakisoma majina ya baba na babu zao, umepakana na mtaa ambao mbuzi wake hawana hata kamba. Nikavuka Ngong Road, nikafika Dagoretti Corner, nikashika Naivasha Road. Sehemu hii ya safari haina la kusimulia zaidi ya vumbi, bodaboda na mahindi ya kuchoma, ambayo nilinunua.

Kawangware ni habari nyingine. Dagoretti yote iliingizwa ndani ya mipaka ya Nairobi mwaka 1963; kabla yake ilikuwa ardhi ya Wakikuyu, yenye mashamba ya familia. Mji uliwafuata wenye ardhi, hawakuufuata. Ndiyo maana katikati ya vyumba vya mabati vya kupangisha na maghorofa yanayoota juu yake, ukifungua geti lisilo na alama yoyote, unaweza kukuta zizi la saruji na Friesian watatu wanakutazama. Nyasi za napia hukatwa kando ya barabara na mito, huletwa kwa mkokoteni. Sokoni Kawangware jioni hakuna jani la kabichi linalopotea.

Mzee mwenye geti nililofunguliwa alikuwa mstaafu, mwenye koti na kofia, mtu wa kupenda mazungumzo. Kijana anayemtunzia ng'ombe, aliyetoka magharibi ya nchi, alikuwa anaosha ndoo na hakunyanyua kichwa. Niliposema nimekuja kwa habari ya vifaa vya kuvalisha mifugo, mzee hakuniacha nimalize.

"Mimi shida yangu si ugonjwa, kijana. Shida yangu ni huyu." Akamwonyesha ng'ombe wa katikati. "Anapata joto usiku, asubuhi ametulia kama hakuna kitu. Nimempoteza tena mwezi huu."

Mfugaji wa maziwa atakuelewa papo hapo. Wengine inabidi tuelezwe. Ng'ombe huhitaji dume kila baada ya siku 21 hivi, kwa saa chache tu, kumi na kitu. Asipohimilishwa katika saa hizo, unamlisha siku 21 nyingine bure, na ndama anasogea mbele, na maziwa yanamfuata ndama. Dalili zenyewe mara nyingi hutokea usiku. Dalili iliyo wazi kuliko zote, ya ng'ombe kusimama apandwe na mwenzake, inataka mwenzake awepo na sakafu isiteleze. Katika zizi la Kawangware, ambako kila ng'ombe ana chumba chake cha kugeukia kwa shida, hakuna apandwaye.

Kola zilianzia kwenye tatizo hili hasa, si kwenye magonjwa. Mwaka 1977 mtafiti mmoja wa Marekani alionyesha kwamba ng'ombe aliye katika joto huongeza hatua zake mara mbili na zaidi, na anayetembea huru bandani hufikia mara nne. Katika miaka ya 1980 watu wa Afikim, kijiji cha ujima nchini Israeli, wakaanza kuuza kifaa cha kuhesabu hatua kinachofungwa mguuni. Vyote vinavyouzwa leo ni vitukuu vya hicho. Kwa hiyo mzee wa Kawangware ndiye mteja halisi. Ila ng'ombe waliofundisha programu hizo wanatembea katika mabanda mapana pamoja na wenzao mamia, na wa kwake hana pa kupiga hatua kumi. Tegemeo lake ni kucheua: saa za joto ng'ombe hucheua kidogo, na hilo linapimika hata akiwa amesimama mahali pamoja. Muuzaji asiyeweza kukujibu kama kifaa chake kinapima hatua au kinapima kucheua, usimpe pesa zako.

Tukafika kwenye kidonge cha tumboni. Mzee akaingia stoo akatoka na kopo, akalimimina mkononi mwangu: misumari, vipande vya waya, chemchemi ya godoro, vyote vimetolewa kwenye majani yaliyonunuliwa sokoni. Ng'ombe hachagui anapokula. Chuma kikimezwa hutua katika tumbo la pili, na likijikaza linaweza kukisukuma mpaka kitoboe kuelekea moyoni. Kidonge cha kielektroniki nacho hukaa humo humo. Nilimwambia kwamba kuna wafugaji wanaomezesha ng'ombe sumaku ili ishike vyuma hivyo visitembee. Akauliza bei ya sumaku kabla ya kuuliza bei ya kidonge, na nadhani alikuwa na haki.

Hata hivyo kuna ugonjwa mmoja ambao ningependa aupime kwa kidonge. Ndigana kali, ugonjwa wa kupe, huja na majani. Mnyama asiyetoka zizini hata siku moja hupata kupe kutoka kwenye napia iliyokatwa mahali ng'ombe wengine walipopita. Wiki moja au mbili baadaye tezi chini ya sikio inavimba na joto linapanda, kutoka 38.5 ya kawaida kupita 40, wakati ng'ombe bado anakula na mwenyewe anadhani kila kitu kiko sawa. Dawa ipo na inafanya kazi, lakini inafanya kazi mapema. Akishaanza kuhema na kutoa povu puani, umechelewa. Hapa siku mbili za tahadhari zinaokoa ng'ombe mzima.

Wakati wote huo kijana hakuwa amesema neno. Mzee alipoingia ndani kupokea simu, akaja karibu akaitazama ile picha ya kola kwenye simu yangu.

"Hiyo ni ya kunichunga mimi," akasema. "Ng'ombe asipokula saa kumi, mzee ataona kwa simu, ataniuliza nilikuwa wapi."

Aliyasema bila chuki. Kusema kweli sehemu kubwa ya ng'ombe wa Kawangware wanatunzwa na vijana wa namna yake, wenye mali wakiwa kazini au hata ng'ambo. Kijana ndiye anayesikia ng'ombe akilia saa nane za usiku. Kama kola itamfanya mshukiwa, ataizoea kama anavyozoea mengine yote: ataifunga vibaya, itaanguka, betri itaingia maji. Na kama ujumbe utakwenda kwa mzee aliyelala Ngong au Dubai badala ya kwenda kwake, sioni ng'ombe atafaidika nini.

Niliendelea na Naivasha Road hadi Uthiru, maana barabara hiyo hiyo inakufikisha kwenye taasisi ambayo watafiti wa mifugo duniani kote wanaijua kwa jina. ILRI, taasisi ya kimataifa ya utafiti wa mifugo, iliundwa mwaka 1994 kwa kuunganisha maabara ya magonjwa ya mifugo ya Nairobi na kituo cha Addis Ababa. Kando yake ni Kabete, ambako mwaka 1931 R. Daubney na wenzake walieleza homa ya Bonde la Ufa baada ya kondoo kufa kwenye shamba karibu na ziwa Naivasha, na ambako tangu 1946 kuna kituo cha mbegu za madume. Mbele kidogo ni Muguga, alikofanyia kazi Walter Plowright, mtu wa chanjo ya sotoka. Katika mradi mmoja wa miaka ya karibuni watafiti walichagua kaya 99 za Nairobi, za matajiri na za maskini, wakapima vijidudu vya watu, mifugo na hata ndege na panya wanaoishi nao, wajue nani anamwambukiza nani. Elimu yote hiyo iko mwendo mfupi wa matatu kutoka kwenye zizi la mzee wangu.

Nawataja kwa sababu ya sotoka. Mwaka 2011 dunia ilitangaza kwamba ugonjwa huo umetokomezwa, wa pili katika historia baada ya ndui. Ulikuwa ukiua ng'ombe kwa maelfu. Mwaka 2001 ulionekana kwa mara ya mwisho Kenya, kwa nyati wa Meru. Maficho yake ya mwisho, kwenye nyika za Wasomali, yalifuatwa kwa chanjo isiyoharibika kwa joto na kwa maswali waliyoulizwa wafugaji, ambao walijua dalili zake kwa majina yao wenyewe. Hakuna ng'ombe aliyevalishwa kitu. Na mwaka 2010, Su Kahumbu wa Kenya aliposhinda tuzo ya Apps4Africa kwa iCow, alikuwa amefanya jambo la namna hiyo hiyo: ujumbe mfupi kwenye simu yoyote ya kawaida, unaomkumbusha mfugaji siku za mimba na za chanjo. Kihisi kilikuwa mfugaji mwenyewe.

Sisemi vifaa hivi havina kazi. Nasema kazi yake iko pale jicho lisipofika, na Nairobi jicho halifiki mahali pawili: nyuma ya mbuzi na nguruwe wa Kibera mchana, na ndani ya zizi la Kawangware usiku. Kwa Kibera ningeanza na kola chache za GPS, za kuazima, mwenye mbuzi akiwa wa kwanza kuiona ramani na kaunti ikiwa imeandika na kutia saini kwamba haitaitumia kumkamata mtu. Kwa Kawangware ningefunga antena moja kwa mtaa mzima, tahadhari ziende kwanza kwenye simu ya kijana.

Lakini tahadhari peke yake haitoshi: tangu serikali ilipojiondoa kwenye uhimilishaji na tiba ya mifugo katika miaka ya 1990, mzee hupiga simu kwa mtu binafsi mwenye pikipiki na mtungi wa naitrojeni, akimkuta. Mwezi huu alipiga asubuhi, akaambiwa mtu yuko Kikuyu, atakuja jioni, na jioni hakuja. Anayetaka kuuza kola Kawangware aje kwanza na namba ya mtu wa uhimilishaji na ya daktari wa mifugo wanaopokea simu saa nane za usiku. Akiwa hana hizo, arudi nazo.